Kuku wa Uani na Adui Zao Katika Milima ya Usambara

Mfugaji wa Vuga afunguapo banda lake alfajiri na kukuta kuku tisa wamelala chini bila uhai, wanane wakiwa na miili mizima na mmoja tu ameliwa kichwa na kidari, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kwamba hiyo si kazi ya mnyama wa kawaida. Mnyama mwenye njaa hula. Huyu ameua na kuacha. Ndipo wengine hunong'ona habari za uchawi, na wengine humtazama jirani kwa jicho la shaka. Kumbe jambo hilo limechunguzwa na wataalamu, na maelezo yake yana faida kwa mfugaji, kwa kuwa yanaonyesha mahali hasa panapotakiwa kutengenezwa.

Hans Kruuk, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyeishi Serengeti katika miaka ya 1960 akiwachunguza fisi, alichapisha mwaka 1972 makala juu ya mauaji ya namna hii. Katika usiku mmoja wa giza nene, fisi 19 waliua swala tomi 82 na kuwajeruhi vibaya wengine 27, lakini nyama waliyokula ilikuwa sehemu ndogo tu ya yote. Kruuk aliona mambo kama hayo pia kwa mbweha wa Uingereza walioingia usiku katika makundi ya ndege wa pwani waliokuwa wakiatamia. Maelezo yake ni haya: kuwinda si tendo moja bali ni mfululizo wa matendo, yaani kutafuta, kunyemelea, kukamata, kuua na kula, na kila tendo lina kichocheo chake. Shibe humzuia mnyama asiende kutafuta tena, lakini haimzuii kukamata na kuua kile kilicho mbele ya pua yake. Porini jambo hili halileti hasara, kwa sababu mmoja akikamatwa wenzake hutoroka, na kichocheo hutoweka pamoja nao. Ndani ya banda kuku hawana pa kutorokea. Gizani hawaoni vizuri, hupigapiga mabawa, huanguka kutoka kwenye kitulio, na kila mtikisiko humchochea mvamizi aue tena.

Kutokana na maelezo hayo, banda lenye tundu moja ni baya kuliko kutokuwa na banda. Kuku walalao juu ya mparachichi hupoteza mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Kuku walalao katika banda bovu huweza kwisha wote usiku mmoja. Mfugaji akiamua kujenga, hana budi ajenge banda lililokamilika.

Mahali penyewe

Vuga, mji wa kale wa watawala wa Kilindi, upo upande wa kusini wa Usambara Magharibi. Huko ndiko alikotawala Kimweri ye Nyumbai, na huko ndiko Richard Burton na John Speke walikopanda kumtembelea mwezi Februari mwaka 1857. Nyumba zimejengwa migongoni mwa milima, zikizungukwa na migomba, kahawa, mahindi na maharage, na chini yake yapo makorongo yenye vichaka na mabaki ya msitu. Tangu mwaka 1981, mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP ulipoanza katika wilaya ya Lushoto, wakulima wengi wamepanda mistari ya majani ya guatemala na miti ya mgrivea kando ya kontua ili kuzuia mmomonyoko na kupata malisho ya ng'ombe wa zizini. Ni kazi njema sana kwa udongo. Lakini mstari wa majani marefu unaoanzia korongoni na kuishia uani ni njia nzuri ya nguchiro vilevile. Mfugaji wa kuku hahitaji kuung'oa. Yatosha kukata majani mafupi katika hatua kumi za mwisho kabla ya uwanja, ili mnyama alazimike kuvuka mahali pa wazi.

Kundi la mchanganyiko

Kuku wa uani ni nadra kuwa wa aina moja. Humo huwamo kuku wa kienyeji wa rangi na maumbo mbalimbali, wawili watatu wa kisasa walionunuliwa mjini, labda kanga, na bata. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliochunguza kuku wa asili wa Tanzania walieleza mwaka 2001 makundi matano: Kuchi, Singamagazi, Mbeya, Ching'wekwe na kuku wa wastani wa Morogoro. Tofauti zao si za rangi tu. Kuchi ni mrefu, mzito na mpenda vita, na hutaga mayai machache. Ching'wekwe ni mdogo, mwenye miguu mifupi. Mbali na hao, katika kila kundi huonekana kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, na kidimu mwenye manyoya yaliyopindika. Hao wawili hupoteza joto la mwili kwa urahisi. Sifa hiyo huwafaa tambarare za Mombo na Korogwe, lakini milimani, ukungu wa Juni na Julai ushukapo, ni mzigo, hasa kwa vifaranga.

Mchanganyiko una manufaa yake katika ulinzi. Kuku wa kienyeji wa rangi ya majani makavu huonekana kwa taabu kutoka angani; kuku mweupe wa kisasa huonekana kutoka kilima cha pili. Kuku wa kienyeji huruka na kukimbilia kichakani; wa kisasa, ambaye kwa vizazi vingi amechaguliwa kwa wingi wa mayai tu, mara nyingi husimama akitazama. Kanga ana sauti kali na hapitiwi na kitu kigeni bila kupiga kelele, lakini hupenda kulala juu ya miti, na asipozoeshwa banda tangu utotoni ni vigumu kumwingiza. Bata hulala chini, si kwenye kitulio. Kwa hiyo banda lililosalimika kwa kuku kwa sababu ya vitulio virefu laweza lisiwe salama kwake.

Mchanganyiko una madhara yake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway alionyesha kwamba katika kila kundi la kuku kuna ngazi ya ukubwa: wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, hadi wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Mgeni anapoingizwa, ngazi yote hutikisika. Kuku wa mwisho husukumwa pembezoni mwa kundi anapokula, na pembezoni ndipo adui anapoanzia. Basi wageni na waingizwe wawili au zaidi kwa pamoja, jioni, kundi likiwa limetulia, na baada ya kukaa peke yao majuma mawili. Majuma hayo mawili yana sababu nyingine, nayo ni magonjwa.

Mwenye kufuga bata mzinga ajue jambo moja zaidi. Kuku huwa na minyoo midogo katika utumbo mpofu, na mayai ya minyoo hiyo hubeba kijidudu kinachoharibu ini la bata mzinga. Kuku mwenyewe haumwi sana. Bata mzinga aghalabu hufa. Kijidudu hicho hukaa muda mrefu ardhini ndani ya yai la mnyoo. Kwa hiyo bata mzinga hafai kufugwa katika uwanja uliokuwa wa kuku, hata kama kuku wameondolewa mwaka jana.

Kuku wanavyojilinda

Wafugaji wa zamani hujua kwa kusikia tu kama adui yuko juu au chini, na wataalamu wamethibitisha kwamba hawakosei. Jogoo aonapo mwewe hutoa mlio mwembamba, mrefu na wa ghafla. Aonapo nguchiro au mbwa hutoa mlio wa kukatakata unaorudiwarudiwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 Peter Marler, Christopher Evans na wenzao waliwaonyesha majogoo picha za sinema za ndege mwindaji akipita juu na za mnyama akitembea ardhini, na kila picha ilileta mlio wake. Kisha waliwachezea kuku milio iliyorekodiwa bila adui yeyote kuwapo. Waliosikia mlio wa angani walikimbilia mahali pa kujificha, wakachutama na kutazama juu. Waliosikia mlio wa ardhini walisimama wima na kutazama huku na huku. Yaani mlio haukuwa ukelele wa hofu tu. Ulikuwa na habari ndani yake.

Wataalamu hao waligundua pia kwamba jogoo aliye peke yake aonapo mwewe mara nyingi hunyamaza, ila akiwapo tembe karibu naye hupiga mlio. Basi jogoo mmoja mwenye akili timamu kwa kila tembe kumi ni mlinzi, na mfugaji achinjaye majogoo yote kabla ya sikukuu humwondoa mlinzi huyo pia. Mlio wenyewe hauna faida ikiwa hakuna pa kukimbilia. Uwanja uliofagiwa ukawa mweupe ni fahari ya nyumba, lakini kifaranga aliye katikati yake hana kimbilio. Kichaka kidogo cha mhogo, au meza ya chini ya mabanzi iliyoezekwa majani ya migomba, ikiwekwa kila baada ya hatua nane hivi, hutosha.

Habari nyingine ya ajabu kidogo inahusu yai. Katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kifaranga ndani ya yai hulala amegeuza kichwa hivi kwamba jicho la kulia huelekea ganda na la kushoto hufunikwa na mwili wake. Mwanga upitao ganda hufika jicho moja tu, na hilo husaidia nusu mbili za ubongo kugawana kazi. Lesley Rogers wa Australia na wenzake wa Italia walionyesha mwaka 2004 kwamba vifaranga waliopata mwanga ndani ya yai waliweza kuokota punje kati ya changarawe na wakati huohuo kumwona adui aliyepitishwa juu yao. Walioatamiwa katika giza tupu walifanya vibaya zaidi kazi hizo mbili zilipokuja pamoja. Tembe ainukapo kiotani kwa dakika chache kila siku kwenda kula, mwanga hufika mayai. Kwa hiyo kiota hakifai kufichwa katika giza la chini ya uvungu wa kitanda, kama wengine wafanyavyo.

Kumtambua mwizi

Adui hawalindwi kwa njia moja, na kumtambua aliyekuja ni nusu ya kazi. Manyoya yaliyorundikwa mahali pamoja uwanjani mchana huonyesha kipanga, ambaye hunyonyoa kabla ya kula. Mwewe huchukua kifaranga na kwenda zake, hivyo hakuna dalili ila hesabu iliyopungua. Kuku aliyeliwa kichwa na shingo usiku, akiwa bado karibu na ukuta wa matundu, mara nyingi ni kazi ya kanu, ambaye huweza kumvuta kichwa kupitia nafasi asiyoweza kuipenya. Harufu mbaya isiyotoka bandani kwa siku kadhaa ni ya kicheche. Ni vema kukumbuka kwamba watu wengi hutumia jina la kicheche kwa nguchiro pia. Lakini kicheche wa kweli ana milia myeupe mgongoni na hutembea usiku, na nguchiro mwembamba, mwekundu kidogo, mwenye ncha nyeusi ya mkia, hutembea mchana. Mbao zilizong'olewa kwa nguvu na shimo pana lililochimbwa ni za nyegere, na kwake ukuta wa fito si kitu.

Mayai yakitoweka pamoja na maganda, washukiwa ni kenge, nyoka na watoto. Maganda yakionekana yamevunjwa penye jiwe, huenda ni nguchiro, kwa kuwa baadhi yao hulishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma hadi lipasuke. Wakati wa mvua siafu huingia usiku, nao hawana haja ya tundu kubwa. Tembe anayeatamia hukataa kuacha mayai na hufia juu yake. Nguzo za banda zikisimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu ya magari, na nyasi zisiachwe zikagusa ukuta, siafu hukosa daraja.

Wapo pia wanaosingiziwa. Tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, aonekanaye akikaa kwa saa nyingi juu ya nguzo za simu na miti ya kando ya barabara, hula panya zaidi ya kitu kingine chochote. Shakivale wa milimani, mwenye mkia wa rangi ya kutu, hukamata panya, mijusi na nyoka. Kuwapiga mawe ndege hao ni kuwatetea panya.

Banda na tenga

Banda lifaalo Vuga halihitaji vitu vya ghali. Nguzo za mgrivea au mkaratusi ziinue sakafu kiasi cha mita moja kutoka ardhini, na kila nguzo izungushiwe kipande cha bati laini kama faneli iliyopinduliwa, ili kanu na panya wasipande. Sakafu ya fito zilizoachana kidogo huruhusu mavi kuanguka chini, ambako huzolewa kwa ajili ya bustani. Kuta ziwe za mabanzi yaliyoshonwa vizuri, na penye kupitisha hewa pawekwe wavu. Hapa ndipo wengi hukosea: wavu mwembamba wa kuku uuzwao madukani umetengenezwa kuzuia kuku asitoke, si kuzuia mnyama asiingie. Matundu yake ni mapana na waya wake huumwa ukakatika. Sehemu ya chini, hadi kimo cha nusu mita, iwekwe wavu wa waya uliochomelewa wenye matundu ya milimita 12 hivi. Kipimo rahisi cha nafasi nyingine zote ni ngumi ya mtoto: ikipita ngumi hiyo, kichwa cha kanu hupita, na kichwa kikipita mwili hufuata.

Kwa bata, ambao hawapandi ngazi kwa hiari, chumba cha chini kinafaa, ila wavu wake ulazwe ardhini kuelekea nje kiasi cha sentimita 30 hadi 50 na kufukiwa kidogo. Mnyama achimbaye huanza kuchimba palepale penye ukuta, hukutana na waya, na hawazi kurudi nyuma hatua moja. Kuku watano au sita kwa kila mita ya mraba wanatosha, na kila mmoja apate sentimita 20 za kitulio.

Kwa vifaranga banda pekee halitoshi, kwani hasara yao kubwa ni ya mchana. Kifaa kilicho bora ni cha kale na kinajulikana kila mahali: tenga. Tembe na watoto wake wakifunikwa kwa tenga majuma matatu au manne ya kwanza, wakapewa pumba, mchwa na majani mabichi humohumo, na tenga likahamishwa kila siku mahali pakavu, mwewe hubaki akizunguka tu. Katika majuma hayo kifaranga huhitaji joto pia. La juma la kwanza ni nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi, na milimani mwezi Julai joto hilo hutoka kwa mama peke yake. Kwa hiyo wasizidi kumi na wawili kwa tembe mmoja wakati wa baridi.

Panya, sumu na tauni

Baada ya hasara ya kuku tisa, wengine hupaka nyama dawa ya wadudu ya shambani na kuitega korongoni. Sumu hiyo haichagui. Humwua kicheche, na humwua mbwa wa jirani, paka wa nyumbani, bundi alaye mzoga wa panya na tai niliyetajwa kuwa hana hatia hayumo salama. Katika wilaya ya Lushoto jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka wilayani humo, ukaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini na kuua watu wengi. Tauni hukaa kwa panya na huhamia kwa binadamu kwa kuumwa na viroboto. Panya wakifa ghafla kwa wingi ndani ya nyumba, viroboto wao huacha mizoga iliyopoa na kutafuta damu nyingine yenye joto. Ndiyo sababu mizoga ya panya haishikwi kwa mikono mitupu, na vifo vyao hutolewa taarifa kituo cha afya.

Banda la kuku likiwa na pumba zilizomwagika hulisha panya kila usiku. Kanu, kicheche, nguchiro na bundi ndio wawindaji wao. Hivyo mfugaji ana wajibu wa aina mbili kwa wakati mmoja: kuwafungia nje wanyama hao wasiwafikie kuku, na kuwaacha hai wafanye kazi yao shambani. Chakula cha kuku kitolewe kiasi cha kumalizika kabla ya jua kutua, na kilichobaki kiwekwe katika debe lenye mfuniko.

Lazima isemwe pia kwamba adui mkubwa kuliko hao wote hana meno wala makucha. Mdondo huweza kumaliza kundi zima katika juma moja, na hakuna dawa ya kuuponya. Ipo chanjo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani, ambayo hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wachanjwe wote siku moja, pamoja na kanga. Bata huweza kuchukua virusi vya mdondo bila kuonyesha ugonjwa wowote, na kwa hiyo bata mgeni asiyeumwa hatakiwi kuaminiwa mapema kuliko kuku mgeni.

Jua likikaribia kutua kuku huanza kuingia wenyewe, wakubwa kwanza, na kugombania nafasi za juu za kitulio. Katika nchi zilizo karibu na ikweta giza hufuata upesi, kabla ya nusu saa kupita, na wanyama wa usiku hutoka wakati huohuo. Mlango ufungwe mara baada ya kuku wa mwisho kuingia, kwa komeo la kugeuzwa, si kwa kamba, na mfungaji awahesabu kabla hajaondoka. Bata ndio huwa wa mwisho, na mara nyingi huhitaji kuswagwa.